Dogo kaacha shule, hana kazi, anashinda kijiweni: unaanzia wapi kumsaidia

Hii naiandika kwa yule mtu ambaye kuna kijana mmoja anamuwaza. Inaweza kuwa mdogo wako, mtoto wa dada yako, dogo mnayeswali naye msikiti mmoja, au binti wa mpangaji mwenzako aliyepata mimba akaishia form two. Ana miaka kama 18 mpaka 25 hivi, shule ilishaisha, kazi hana, anashinda kijiweni au anapiga deiwaka stendi akipata akikosa, na mtaani wameshaanza kumpa majina. Wewe huna mfadhili wala shirika, una mshahara wako wa kawaida au kigenge chako, ila huyu mmoja hutaki apotee. Naongelea Tanzania, na mifano mingi itakuwa ya Dar maana ndo nakokujua zaidi, wa mikoani mtarekebisha wenyewe.

Watu wengi wanadhani kinachomkwamisha kijana ni ada. Kiukweli ada mara nyingi ndo kitu rahisi kuliko vyote. Chukua VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, kozi zao za muda mrefu ada ni 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kwa mwaka jamani, sio kwa mwezi. Sasa weka dogo anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila gari 600, hiyo ni 2,400 kwa siku, piga mara siku 22 za masomo unapata 52,800. Yaani nauli ya mwezi mmoja inakaribia ada ya mwaka mzima na hapo bado hajala mchana, hajanunua ovaroli wala buti. Ndo unakuta mtu kalipiwa ada na shangazi, kapongezwa kwenye grupu la ukoo, mwezi wa tatu haendi tena chuo na ukoo mzima unasema huyu hasaidiki. Anasaidika, ila kalipiwa kile cha bei ndogo akaachiwa kile cha bei kubwa apambane nacho mwenyewe.

Kwa hiyo humu ntaongelea sana hivyo vitu vya pembeni, nauli, majina kwenye vyeti, laini ya simu, zana, mtoto wa binti abaki na nani. Kama unatafuta maneno ya kumhamasisha kijana hapa hutayapata, keshasikia mengi tu.

Kwanza kaa naye, ila usimhutubie

Usimuite sebuleni mbele ya watu wazima wanne. Mfate alipo, mkae mahali mnywe chai au soda, muulize vitu vya kawaida kabisa. Siku hizi unalala wapi, unakula kwa nani, kuna mtu anakudai, kuna kesi yoyote polisi, unatumia chochote. Haya maswali yanaonekana ya kimbea lakini bila majibu yake unapanga hewani. Kama analala geto la washkaji watano na godoro moja, usimtafutie kozi inayoanza saa moja na nusu asubuhi ukategemea atawahi. Kama kakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza, na wanakuja kila jioni kuchukua rejesho, basi kila shilingi utakayompa ya nauli inaishia huko, ni bora mjue mapema mkae na mdai mkubaliane kiwango.

Halafu muulize ni kazi gani alishawahi kufanya akalipwa, hata ya siku moja. Hapa usidharau kitu. Aliyewahi kuwa konda anajua chenji, anajua kuongea na watu wenye hasira na kuamka alfajiri. Aliyesaidia fundi wa marumaru wiki tatu kashajua kama mgongo wake unavumilia kazi ile. Mimi naona hapa ndo pa kuchagulia njia, sio kwenye ile "unapenda kusomea nini", maana asiyewahi kuona kazi nyingine zaidi ya boda na bongo fleva atakujibu boda au bongo fleva, na hajakosea, ndo alivyoviona.

Makaratasi, na hapa usikimbie

Sehemu hii inachosha ila ndo inayoangusha wengi, kwa hiyo vumilia. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kijana hawezi kusajili laini kwa jina lake, maana usajili unaenda kwa alama za vidole na namba hiyo. Asipokuwa na laini yake hana M-Pesa wala Mixx wala Airtel Money, akifanya kazi hela inatumwa kwenye simu ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ana shida zake. Benki hafungui akaunti, TIN, namba ya mlipakodi, hapati, kwenye fomu nyingi za chuo na za ajira anakwama ukurasa wa kwanza.

Anza serikali ya mtaa. Mpeleke kwa mtendaji au mwenyekiti apate barua ya utambulisho, na nenda naye wewe mwenyewe, usimwambie "nenda tu watakupa". Vijana ambao mtaa umewachoka huwa wanazungushwa, njoo kesho, njoo na mjumbe wako, mjumbe mwenyewe kasafiri. Akienda na mtu mzima anayesema "shikamoo mzee, huyu ni kijana wangu namfahamu" mambo yanakuwa mafupi. Pia hapo hapo mtendaji anamjua kwa sura nyingine, na hiyo itasaidia baadaye kwenye mkopo wa halmashauri.

Inayofuata ni cheti cha kuzaliwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Kwa mtu mzima ambaye hakuandikishwa akiwa mdogo watataka ushahidi, mfano kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, taarifa za wazazi. Mzazi akiwa hajulikani alipo anza na shule aliyosoma, mwalimu mkuu anaweza kutoa barua ya taarifa zake zilizopo kwenye rejista. Kisha NIDA. Kuandikishwa mara ya kwanza ni bure, akitokea mtu anadai hela ya "kuharakisha" muache aendelee na maisha yake.

Sasa tatizo kubwa kuliko yote, majina. Shuleni kaandikwa Asha Juma, RITA ni Aisha Juma Ramadhani, NIDA wameweka Aisha Ramadhani. Hawa kwa kompyuta ni watu watatu. Yakague majina herufi kwa herufi, na tarehe za kuzaliwa pia, KABLA hajaomba chuo au kujisajili mtihani. Tofauti ndogo unaweza kwenda kuapa kwa wakili au mahakamani upate hati ya kiapo inayosema majina haya ni ya mtu mmoja. Jina likiwa limebadilika kabisa inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Na kama cheti kimepotea, chukua ripoti ya upotevu polisi kwanza, kila ofisi utakayoenda wataanza na hiyo.

Ukishapata kila kitu piga picha zote vizuri na simu, jitumie mwenyewe kwenye emaili, mfungulie na yeye emaili yake, nywila muandike kwenye daftari. Geto zinaungua, zinavamiwa, watu wanahama usiku. Karatasi halisi zikae kwako au kwa mama yake kwenye bahasha ya plastiki, kwa makubaliano yake lakini, ni mali yake akizitaka apewe siku hiyo hiyo.

Arudi shule au ashike ufundi?

Inategemea alipoishia. Kama aliacha sekondari hivi karibuni, kuna Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021 ulioruhusu waliokatiza masomo kurudi kwenye shule za kawaida, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Watu wengi huko mitaani mpaka leo wanaamini binti akizaa ndo basi. Sio kweli tena. Ila waraka unaongelea kurudi ndani ya miaka miwili, kwa hiyo aliyeacha muda mrefu aangalie njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeishia darasa la saba, au aliyeacha kabla hajafaulu form two, anaanza na mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT, akifaulu ndo anasajiliwa kufanya form four. Aliyefaulu form two akaacha form three anaenda moja kwa moja form four. Na aliyemaliza akapata ziro anarudia masomo anayohitaji. Mitihani ni Novemba, lakini usajili NECTA, baraza la mitihani, unafunguliwa Januari na ada ya kawaida mwisho wake huwa ni Februari, ukichelewa unalipa na faini. Hapa ndo watu wanaliwa, wanakumbuka mwezi wa sita kwamba dogo alitaka kurudia mtihani. Weka alamu ya simu tarehe 2 Januari, nasema kweli.

Pa kusomea, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo mikoani, na kuna masomo ya jioni kwenye baadhi ya shule za serikali. Kwa Dar vituo vya binafsi vya masomo ya jioni vimejaa, vingine vizuri, vingine ni chumba na ubao. Kabla hujalipa nenda jioni saa kumi na moja bila taarifa uone kama kuna mwalimu kweli darasani, hiyo inakutosha kuamua. Na mlenge kitu kinachowezekana. Vyuo vingi vya astashahada vinataka D nne zisizo za masomo ya dini. D nne, jamani. Mtu akichagua masomo anayoyaweza akakomaa nayo D nne zinapatikana, haina haja ya kumuandikisha masomo tisa ili ukoo ufurahi.

Kwa wengi wenye hali ngumu lakini, ufundi unalipa mapema zaidi. VETA wanapokea mpaka aliyemaliza darasa la saba kwa kozi nyingi, na wana ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Masomo ya kozi ndefu yanaanza Januari na maombi yanafunguliwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo kuanzia mwezi wa saba uwe unachungulia matangazo yao. Kozi fupi zipo mwaka mzima, ila zina bei zake tofauti na ile 60,000 haihusiki huko, ulizia chuo husika. Halafu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, ambavyo watu wa mjini hawavijui kabisa na vipo zaidi ya 50 nchi nzima, Bigwa Morogoro, Kisarawe, Ikwiriri, Newala, Handeni, hata Dar kipo Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Vilianzishwa miaka ya 1970 enzi za Mwalimu kwa ajili ya watu wazima waliokosa nafasi, na bado roho yao ni hiyo, mtu wa miaka 23 haonekani kituko darasani. Vyuo vya Don Bosco pia vina sifa nzuri kwa ufundi, na serikali kupitia ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikiwalipia vijana mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, kwa awamu, matangazo yake yakitoka yanapita mpaka halmashauri kwa maafisa vijana. Mjue afisa vijana wa halmashauri yako kwa jina. Ni mtu anayelipwa kwa kazi hii hii unayoifanya wewe bure.

Kuhusu kuchagua fani, maoni yangu: kompyuta ya miezi mitatu ya kujua kuandika barua na kupanga majedwali haimpi kazi kijana wa form four, kila mtu anayo. Marumaru, aluminiamu, jipsamu, kuchomelea, umeme wa majumbani, kushona, kupika, friji na viyoyozi, hizo zinahitajika kila siku maana mji unajengwa kila siku. Umeme una mlolongo wake, kufunga umeme nyumba za watu kihalali kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na leseni inahitaji cheti, kwa hiyo huko usimpitishe njia ya panya.

Fundi wa mtaani, na mkataba wake

Wengine darasa haliwafai kabisa, na kujifunzia gereji ni elimu kama nyingine. Lakini ile ya kumpeleka dogo kwa fundi na kusema "fundi huyu mwanao" inazaa mtu wa kuosha spana na kutumwa chapati miaka miwili. Ukienda kwa fundi salimia kwa heshima, "shikamoo fundi" hata kama mnakaribiana umri, yule ndo atakuwa mwalimu, halafu mkae muongee kama watu wazima mambo haya: atajifunza kwa muda gani, mwezi wa tatu awe anaweza kufanya nini, wa sita nini, posho ya chakula ni shilingi ngapi kwa siku na inaanza lini, akiumia nani anamtibu, akiharibu kitu cha mteja inakuwaje. Andikeni kwenye karatasi, sahihi tatu, yako, ya fundi na ya dogo, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Mafundi wengine watacheka, "mambo gani haya ya kiserikali". Fundi mzuri hatakataa. Anayekataa kabisa kuandika posho ya dogo, tafuta mwingine, mafundi wapo.

Wiki za mwanzo nenda umuone gereji mara moja kila wiki. Usipige simu, nenda, kaa kwenye benchi dakika kumi. Unaangalia kama mikono yake ina grisi au anatumwa tu dukani.

Akishakaa muda na kazi anaiweza, mpeleke VETA kwenye urasimishaji wa ujuzi. Huo utaratibu unampima fundi aliyejifunzia mtaani, anajazwa mapengo aliyonayo kwa mafunzo mafupi, akifaulu anapewa cheti bila kukaa chuo miaka miwili. Wapishi, waashi, maseremala, makenika wengi wamepita humo. Bila hicho cheti kampuni za ujenzi zinamchukua kama kibarua hata kama anamzidi kazi msimamizi wake.

Zana ndo jambo la mwisho hapa na ndo linalosahaulika kuliko yote. Fundi marumaru asiye na mashine ya kukatia, pimamaji, mwiko na nyundo ya mpira sio fundi, ni saidia. Anapata kazi kwa mgongo wa mwenye zana na anakatwa nusu. Kama una hela ya kumpa kijana kitu kimoja tu maishani mwake, mpe zana alizozichagua mwenyewe baada ya kujifunza, usinunue kabla. Na usimpe taslimu, nendeni wote dukani. Ukitaka arudishe hela mkubaliane kidogo kidogo kwa kila kazi anayopata, usimuwekee riba, we sio kausha damu.

Binti mwenye mtoto

Swali la kwanza ni mtoto anabaki na nani, yote mengine ni ya baadaye. Bibi akikubali kukaa na mtoto, bibi naye apewe kitu, hata ya sabuni na maziwa, msimfanye mtumwa kisa ni mama. Baadhi ya vyuo vya FDC vina sehemu ya watoto pale pale chuoni na vinapokea mama na mwanae, ulizia hilo moja kwa moja unapoomba nafasi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo imekuwa na mpango wa sekondari kwa njia mbadala kwa wasichana waliokatiza masomo, bila ada, ulizia ofisi yao ya mkoa kama wanaandikisha.

Usikubali haraka ofa ya "kazi za ndani" kwa mtu asiyejulikana, na ile ya Oman, Dubai au Saudia ndo usiguse mpaka uone wakala mwenye leseni, mkataba ambao binti kaupitia kwa lugha anayoielewa, jina na anwani ya mwajiri, na uhakikishe kwamba pasipoti yake anakaa nayo binti mwenyewe. Kuna mabinti wamefanikiwa kule wamejenga, sipingi. Ila wakala anayesema "tutaenda kwanza mkataba mtausaini huko huko" huyo kimbia.

Na bosi, mwalimu au mtu wa ofisi akitaka mwili ndo atoe nafasi, hilo ni kosa chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007, linaitwa rushwa ya ngono. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapigiwa bure 113. Mwambie binti hili mapema kabla hajaanza kuzunguka na bahasha, asikutane nalo akidhani ndo utaratibu.

Aliyetoka jela, au anayeacha unga

Watu wanakwepa hawa na ndo wenye uhitaji zaidi. Aliyefungwa usimfundishe kudanganya. Asianze intavyuu na habari ya jela, lakini akiulizwa ajibu kifupi, nilifungwa, nilimaliza, nimefanya kazi na fundi fulani tangu nilipotoka, mpigie. Kwa hiyo jukumu lako ni kuhakikisha huyo fundi fulani yupo na anapokea simu. Mafundi binafsi, magereji, machimbo ya kokoto, saiti ndogo ndogo ndo mlango wa kwanza, kampuni kubwa zitakuja zikishaona rekodi mpya. Kama kesi bado inaendelea au ana amri ya kuripoti mahali, kuna wasaidizi wa kisheria wa bure, sheria ya mwaka 2017 inawatambua, waulizie kata au ustawi wa jamii.

Anayeacha heroini tiba ya methadoni ipo na ni bure, ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Kitu cha kujua ni kwamba, hasa mwanzoni, dozi anakunywa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku. Kwa hiyo kazi ya kuanza saa kumi na mbili asubuhi upande wa pili wa mji haimfai hata ilipe vipi, mtafutie kazi karibu na kliniki au fundi anayefungua saa nne, na umwambie fundi ukweli kwa ruhusa ya kijana mwenyewe. Kuna wanaorudi kwenye unga kipindi ambacho kazi na dozi vimegongana wakachagua kazi. Ndio, umesoma vizuri, walichagua kazi.

Kutafuta kazi yenyewe

CV ya kijana wa namna hii ni ukurasa mmoja. Jina, namba ya simu inayopatikana, anapoishi, anachoweza kufanya kwa mikono, alipofanyia, watu wawili wa kuulizwa. Futa ile "malengo yangu ni kuwa mfanyakazi mwenye bidii katika taasisi yenye ushindani" iliyonakiliwa steshenari, hakuna anayeisoma. Kwa mafundi picha za kazi kwenye simu zina nguvu kuliko CV, apige kabla na baada, mwanga mzuri, aziweke kwenye statasi ya WhatsApp. Niliwahi kuona kijana anapata tenda ya nyumba nzima kwa picha moja ya ngazi aliyoweka marumaru, na alikuwa anavaa ndala.

TaESA, huduma za ajira za serikali, wanasajili watafuta kazi bila malipo, ajisajili. Ila usikae kusubiri mfumo. Asubuhi saa moja kamili azungukie saiti na magereji, aongee na msimamizi mwenyewe, "shikamoo bosi, nafunga aluminiamu, naomba nijaribiwe leo". Zoezi hili lifanyeni wote nyumbani, we uwe bosi mwenye kisirani. Inachekesha lakini aibu inapungua.

Yeyote anayeomba hela ya fomu, ya sare, ya "kumpoza HR" kabla ya kazi ni tapeli. Yeyote. Hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Akipata, aombe mkataba au hata karatasi yenye masharti, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amwandikie. Wakimdhulumu kuna CMA, tume ya usuluhishi, na muda ni mfupi, siku 30 kwa kufukuzwa na 60 kwa madai mengine, kwa hiyo asikae miezi mitatu analalamika kijiweni.

Mkopo wa halmashauri

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Ni hela nzuri, ila vijana wanaomba kwenye kikundi cha watu wasiopungua watano, na hapo ndo balaa linapoanzia kwa sababu wanaokotana wiki moja kabla ya kujaza fomu, wanne wa kwenye karatasi na mmoja mwenye biashara. Mmoja akila kona, wanaobaki wanadaiwa wote. Mimi nashauri kikundi kicheze mchezo wao wenyewe kwanza, elfu mbili mbili kwa wiki, angalau nusu mwaka. Hapo mtajua nani anachelewesha, nani ana mafua kila siku ya kutoa. Wakibaki watano wanaoaminiana ndo waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na biashara inayoonekana. Kijana aliyeanza kusimama mwezi uliopita usimtwike mkopo.

Akipotea

Atapotea. Kuna wiki hatapokea simu, utasikia kaonekana kijiweni kule kule. Mara nyingi kuna kitu kidogo cha aibu nyuma yake, kavunja kifaa cha fundi, kaazima hela chuoni, nauli iliisha akaona haya kuomba tena. Mfate bila kelele, muulize nini kimeharibika, kirekebisheni, kesho yake umpeleke mwenyewe mpaka mlangoni kwa fundi. Usiwaite wajomba.

Na ile hela ya nauli usiikate siku anapolipwa mshahara wa kwanza. Wa kwanza wote utaliwa na madeni ya geto, viatu, na mama yake atataka japo kidogo, ni haki yake. Mwachie nauli mpaka alipwe wa pili, halafu ndo mkae mpige hesabu upya.